Barua Isiyopata Karatasi

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Makurunge, akaolewa Makurunge, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Lugoba kumzika dada yake. Hakusoma shule. Alikuwa na Kikwere cha wazazi wake, Kiswahili cha watu wote na Kiarabu cha sala, basi. Naanza na hayo kwa sababu kila ninapowasimulia watu yaliyotokea, swali lao la kwanza ni hilo: labda aliwahi kuishi na wageni? Hakuwahi.

Aliyeishi na wageni ni mimi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundisha Kiswahili hapa Bagamoyo mjini, nikiwafundisha wageni wanaokuja kujitolea kwenye zahanati na mashule. Wengi wao walikuwa Wajapani. Nilipenda kuwafundisha kwa sababu hawakuona haya kurudia jambo mara kumi. Kutoka kwao niliokota Kijapani kidogo kidogo, cha salamu na cha sokoni, mpaka akaja yule ambaye mpaka leo namwita Mwalimu.

Alikuwa mama mstaafu, mjane, mwenye nywele nyeupe alizozikata fupi kama za mwanamume. Maisha yake yote alifundisha lugha yake kwa watoto wa shule kwao. Alipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba niliyokuwa nakaa, na tukaelewana: asubuhi mimi namfundisha, alasiri ananifundisha. Alikaa miaka miwili na ushei. Aliondoka anasema Kiswahili cha kukuchekesha na kukuliza.

Kitu kilichonishinda kwanza katika Kijapani ni heshima. Sisi heshima tunaitanguliza. Hufungui mazungumzo na mkubwa wako kabla ya kusema shikamoo, ukishaitoa na yeye akaitikia marahaba, unaendelea kusema kama kawaida. Wenzetu wanaiweka mkiani mwa kitenzi, na wanaiweka kila mara, sentensi baada ya sentensi. Kula ni *taberu*, lakini mbele ya mtu wa kuheshimiwa ni *tabemasu*. Kwenda ni *iku*, kwa heshima *ikimasu*. Unaweza kusikiliza sentensi nzima usijue msemaji anaongea na mkwewe au na mdogo wake, mpaka afike mwisho.

Siku moja nilimuuliza hiyo *masu* imetoka wapi. Niliuliza tu, kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi. Mwalimu alifurahi kama niliyemletea zawadi. Akageuza kalenda ya zamani, akaniandikia nyuma yake, neno chini ya neno: *mairasuru*, *marasuru*, *masuru*, *masu*.

"Lilikuwa neno zima," akasema. "Maana yake kumpelekea mkubwa kitu. Wewe uko chini, unainua mikono, yeye yuko juu. Watu wamelitumia mpaka limesagika. Kimebaki kipande hiki."

Nikamwambia na sisi wazee wanasema shikamoo ilikuwa "nashika mguu wako". Aliweka kalamu chini, akatazama miguu yangu, kisha yake, akacheka sana.

Baadaye alinionyesha na mengine ya kale. *Gozaru*, ambalo asili yake ni kusema kwamba kiti cha heshima kipo, na leo limebaki ndani ya *gozaimasu*, kwenye maneno ya kushukuru na kusalimia. Na *soro*, ambalo zamani sana lilikuwa neno la kuwa karibu na mkubwa, umekaa unangoja atasema nini.

"Hilo usijisumbue nalo," akaniambia. "Limekufa. Na hata lilipokuwa hai lilikuwa la barua. Mtu hakuongea hivyo jikoni kwake. Alipoandika, ndipo alipoliweka. Wanawake walikuwa na namna yao, wanamaliza na *mairase soro*. Bibi yangu aliandika hivyo."

Nikaliandika kwenye daftari kwa sababu yeye aliliandika. Kisha muda wake ukaisha, akarudi kwao, tukabaki kusalimiana kwa simu.

Mwaka uliofuata bibi alianza kuishiwa nguvu. Mama yangu alikwisha fariki, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa kwa mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi naye Makurunge kwenye shamba la mihogo na mikorosho. Alinipigia akasema nyonga inamuuma, hawezi peke yake kumwinua bibi. Nikaomba ruhusa ya mwezi mmoja, nikapanda bodaboda na mfuko wangu.

Siku ya kwanza nilimkuta bibi kitandani, mwepesi, macho makavu. Nilimsalimia, akaniitikia vizuri, akaniuliza habari za mume wangu na za mvua ya mjini. Akili yake ilikuwa kamili. Magoti ndiyo yaliyokufa. Alikuwa akiswali juu ya kiti, na hata kumsogeza mpaka kwenye kiti kulihitaji watu wawili.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, mama mdogo aliniambia tutoke nje tukamenye mihogo. Nikasema nitamenyea ndani, nikae karibu na bibi.

"Toka," akasema. "Saa hizi tunampisha."

"Tunampisha nani?"

 Aliuchukua ungo akatoka, nami nikamfuata. Tulikaa barazani kwenye kivuli chembamba cha paa. Trekta la shamba la miwa lilikuwa likinguruma mbali, kisha likanyamaza. Nadhani dereva alikwenda kula. Ndipo nikasikia sauti ndani. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, taratibu, haina mikwaruzo ya uzee. Haikuwa ikiomba wala kulalamika. Ilisema kwa adabu, ikitua, ikiendelea, ikitua tena.

"Kuna mtu?" nikauliza.

"Ni bibi," mama mdogo akasema, akiendelea kumenya. "Ni yeye na mgeni wake."

Nikaweka kisu chini, nikasogea mlangoni. Pazia lilikuwa wazi upande mmoja. Bibi alikuwa amekaa sakafuni, juu ya mkeka. Miguu ameikunja chini yake, amekalia visigino, mgongo umenyooka, viganja vimelala juu ya mapaja. Bibi ambaye asubuhi ile tulimwinua wawili. Alikuwa akitazama ukuta mtupu, kichwa amekiinamisha kidogo. 

Kisha nikasikia mwisho wa sentensi. Akasema maneno nisiyoyaelewa, akafika mwisho, akasema "*mairase soro*".

Nilifikiri masikio yananidanganya. Nikangoja sentensi nyingine. Ikaja, ikaishia vilevile. Ya tatu ikaishia na "*gozarimasu*", namna ya kale ya *gozaimasu*. Nilikaa chini pale pale mlangoni. Haikupita hata robo saa, bibi akanyamaza, akalala ubavu juu ya mkeka. Mama mdogo aliingia akanionyesha kwa kidole nimshike miguu. Tulipomwinua, magoti yalikuwa yamekakamaa kama mwanzo, na bibi akalia kwa maumivu.

Jioni ile nilimbana mama mdogo mpaka akanieleza. Mgeni, akasema, si wa bibi peke yake. Alikuja na bibi yake bibi, aliyekuwa mtumishi wa ndani huko Unguja kabla hajaolewa, wakati Wajerumani wako huku bara. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wanawake wa kigeni, si Wazungu, si Wahindi. Mmoja wao aliugua muda mrefu, na yeye ndiye aliyekaa naye mpaka akafa. Aliporudi Makurunge, watu wakaanza kusikia anaongea peke yake adhuhuri. Alipokufa, mgeni akahamia kwa bibi, ambaye alilelewa naye nyumba moja hapa Makurunge na alikuwa ameshazaa watoto wawili.

"Na hamkufanya kitu?"

"Tulifanya. Sheikh alikuja akasoma. Alisikiliza, akasema tatizo ni hili neno analoanza nalo kila siku. *Hasama*. Anaita hasama, hasama. Akasema huyu ni pepo wa ugomvi, atatugombanisha ndugu. Bibi yako alikasirika, akamwambia sheikh, kwa adabu lakini, kwamba mgeni wake hajawahi kugombana na mtu."

Nililala na neno hilo kichwani. Kesho yake nilimwomba bibi ruhusa ya kurekodi. Aliniuliza kurekodi nini. Nikamwambia, maneno ya mgeni. Akasema, "Yeye hana siri. Ila mimi sijui anasema nini. Nakaa naye tu, mjukuu wangu. Ni mpweke." Nikaiacha simu juu ya mkeka, nikatoka nje.

Sauti ile nilimtumia Mwalimu bila maelezo, nikamwambia tu asikilize. Kwa kawaida hujibu siku hiyo hiyo. Zilipita siku mbili. Siku ya tatu alipiga, na kabla hata ya salamu akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni bibi yangu."

"Amejifunza wapi?"

"Hajajifunza popote."

 Nikamsikia anamimina maji au chai. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile, polepole, kama anayepima kila neno:

"Hakuna mtu anayesema hivi. Unaelewa? Hata zamani hakuna mtu aliyesema hivi kwa mdomo. Nilikufundisha. Hayo maneno ya mwisho ni ya kuandika. Huyu haongei. Hii ni barua."

"Anasoma barua?"

"Hapana. Hapo ndipo palipofanya nisilale. Maneno ya katikati ni ya vijijini, ya kusini kwetu, ya watu maskini sana. Miisho ndiyo ya barua, na mara nyingine ameiweka pasipo mahali pake. Mtu aliyejua kuandika asingekosea hivyo. Huyu alikuwa amesikia barua za wengine zikisomwa, akachukua miisho yake kwa masikio. Nafikiri hakujua kuandika. Nafikiri alikuwa akiitunga barua kichwani, akiirudia isimpotee, akingoja apatikane mtu wa kumwandikia."

Aliniambia kwamba wasichana wa vijiji vile walichukuliwa zamani, wakavushwa bahari kwa ahadi za kazi nzuri, na kazi waliyoikuta ilikuwa ya kuuza miili yao. Alijua kwamba walifika mpaka Asia ya kusini. Kwamba baadhi yao walifika Unguja alikuwa amewahi kusoma mahali, akasahau.

"Na *hasama*?" nikamuuliza.

"Si *hasama*. Ni *haha-sama*. Mama mheshimiwa."

 Miaka yote ile nyumba nzima ilimwogopa pepo wa ugomvi, na yeye alikuwa akimwita mama yake.

Mwalimu alinifasiria kipande kwa kipande, pale alipoweza. Mama mheshimiwa, mimi huku ni mzima, usihangaike. Joto ni kali lakini nimezoea. Nipo kwenye nyumba nzuri, nafanya kazi za ushonaji. Je, mguu wako umepona? Je, mdogo wangu ameshaolewa? Nyumbani mvua imenyesha? Na mwisho, kila siku, maneno yale yale: nakaa hapa nangojea jibu lako, *mairase soro*.

Wazo la kujibu lilikuwa langu. Silaumu mtu. Nilimwambia Mwalimu, tumwandikie. Kwanza alikataa kabisa. Akasema, barua ya mama wa mtu haijibiwi na jirani. Nikamwambia ameingoja zaidi ya miaka mia moja, na bibi yangu magoti yanamvunjika kila adhuhuri. Kesho yake alipiga tena akasema sawa.

Nilikuwa nimeshaandika mfano wangu, mrefu, nimeujaza *soro* na *gozarimasu* kila mstari. Nilijivunia. Nikamsomea.

"Mbaya," akasema. "Mama hamwambii mwanawe *soro*. Maneno hayo yanapanda, hayashuki. Wewe unaweza kumwamkia mwanao shikamoo?"

"Haiwezekani."

"Basi vua yote. Akisikia heshima atajua ni mgeni anayemwandikia."

Tulivua yote. Yakabaki maneno machache, ya wazi, ya jikoni, na Mwalimu akayageuza kwa lafudhi ya kusini kama alivyoweza. Mguu umepona. Mdogo wako ameolewa, ana watoto. Mvua imenyesha. Umefanya kazi sana. Sasa rudi nyumbani. Alinisomesha kwa simu mara nyingi mpaka ulimi ukanyooka.

Nilimwambia mama mdogo nitaingia. Alinitazama kama ninayetaka kuingia kisimani. Lakini hakunizuia, alisimama mlangoni ameshika pazia.

Bibi alikuwa ameshakaa, miguu chini yake, anautazama ukuta. Nilikaa mbele yake, kati yake na ukuta, na jambo hilo nalijutia mpaka leo kwa sababu niliyaona macho. Hayakuwa ya kipofu wala hayakugeuka weupe. Yalikuwa yakinitazama kwa staha kubwa, kama mtu anavyomtazama karani anayeweza kumsaidia au asimsaidie. Alisema barua yote. Alipofika kwenye neno la mwisho, badala ya kunyamaza na kumwacha alale, nilisema yangu.

Sauti ilinitetemeka nilipotaja mguu. Nilipotaja mvua ikatulia. Nilipofika "rudi nyumbani", *kaette oide*, nilisema kama mama yangu alivyokuwa akiniita nikiwa nje na chakula kiko tayari.

 Jasho lilimtoka bibi kwenye mdomo wa juu. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema neno moja ambalo halimo kwenye rekodi yoyote niliyoichukua.

"*Hai*."

Mama mdogo alishtuka mlangoni. "Amesema hai," akanong'ona. "Nani hai? Nani yu hai?"

Sikumwambia kwamba kwa Kijapani neno hilo ni ndiyo. Ni itikio la mtoto akiitwa.

Kesho yake adhuhuri tulitoka nje kama kawaida. Tukamenya mihogo yote, tukaanza kuosha vyombo, ndani kimya. Nilipoingia bibi alikuwa kitandani, amelala chali, anatazama dari. Hakukaa mkekani siku ile wala siku iliyofuata. Mama mdogo alimshukuru Mungu kwa sauti, akachinja kuku. Nilimpigia Mwalimu. Alilia, akaniomba nisimtumie tena sauti yoyote, na tangu siku ile tunapoongea hatugusi habari hiyo.

Nilidhani nimefanya jema. Siku ya nne bibi akaniita.

"Mjukuu wangu, umemwambia nini mgeni?"

"Nimemwambia kwao wazima, bibi. Nimemwambia arudi."

 Mkono wake ulikuwa ukipapasa shuka kama unaotafuta kitu kilichoanguka.

"Mume wangu alikufa," akasema. "Mama yako akafa. Dada yangu akafa. Yeye alikuja kila siku. Hukuniuliza mimi."

 Ni kweli, kurekodi nilimwomba ruhusa. Kumfukuzia mtu wake sikumwomba. Nilimwomba radhi. Akasema hakuna neno, kwa namna ya mtu anayesema hivyo kwa adabu tu, kisha akageukia ukutani.

Mwezi wangu uliisha, lakini sikuweza kuondoka moja kwa moja. Nilipanga vipindi vyangu vya kufundisha viwe asubuhi, na siku tatu kwa wiki nilikuwa napanda bodaboda kwenda Makurunge, nifike kabla ya adhuhuri. Nilikaa naye saa ile. Mwanzoni sikujua niseme nini. Nikaanza kumweleza mambo ya mjini: nani kaoza binti, barabara gani inachimbwa, mwanafunzi gani kasema "mimi ni ng'ombe" akitaka kusema ana ng'ombe. Hakunijibu sana. Lakini mama mdogo aliniambia kwamba siku nisizokuja, bibi huuliza jua limefika wapi.

Siku moja, masika yakiwa yameanza, nilichelewa kwa sababu ya matope. Nilipiga hodi mlangoni, nguo zimelowa mpaka magotini. Bibi alikuwa ameegemea mito, amejifunga kanga safi, na pembeni alikuwa ameagiza mkeka utandikwe vizuri.

Nilimsalimia. Alinitazama, macho makavu yale, akatabasamu kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha mimi.

"Karibu, mgeni," akasema. "Kaa. Nilidhani leo huji."

Nikageuka kumtazama mama mdogo, naye akaangalia chini. Bibi aliishi wiki saba baada ya siku hiyo. Alimwita kila mtu kwa jina lake au kwa undugu wake, majirani, watoto wa majirani, hata dereva wa bodaboda. Mimi hakuniita mjukuu tena. Nilikaa mkekani, nikakunja miguu kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuinyoosha, nikaanza kumsimulia habari za kwetu.